Mtoto Niliyemwandika kwenye Kadi Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Muyinga mjini
Tarehe: Ijumaa, 21 Februari 2025. Kuandika kumeanza saa 3:10 asubuhi.
Jina: Melania Ntirampeba
Umri: miaka 58
Kazi: mkulima
Makazi: Nyarusange, Gitega
Dini: Mkristo
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Uhusiano na mtoto: ataueleza mwenyewe

Mimi ndiye Melania niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kuwa naitwa kama shahidi katika jalada la Bwana Bagalwa, mfanyabiashara Mkongomani wa Kivu Kusini anayeishi Gitega mjini, anayetuhumiwa kusafirisha mtoto kwa magendo. Nimeonywa niseme kweli tupu. Nimeomba kusema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilicholelea watoto kambini, na afande Egidius anayeandika anakielewa vizuri. Kirundi ninacho, lakini nikikasirika hunikimbia, na leo nimekasirika.

Mwishoni mwa mwaka 1993 nilitoka Burundi kwa miguu kupitia njia za porini za Giteranyi, nikiwa na mimba ya binti yangu Jeska. Tulikaa kambi ya Lukole, Ngara, Tanzania, miaka kumi na minne. Tulirudi mwaka 2007 kwa lori, mimi, mume wangu Elias na Jeska. Kule tulikuwa wakimbizi, na tulipofika Nyarusange majirani wakatuita Watanzania. Jeska alipofungua kinywa shuleni, darasa zima lilicheka. Nayasema haya mapema ili afande ajue kwamba habari za kuitwa mgeni sikuzipata kwa kusimuliwa. Elias alifariki mwaka 2014, na Jeska ndiye mtoto pekee niliyebaki naye.

Mwaka 2015 Jeska alipata nafasi ya kwenda Korea Kusini kujifunza kilimo, kupitia wamisionari. Huko akampata Bwana Park Sung-ho, mkulima wa vitunguu, wakaoana mwaka 2017. Harusi nilioneshwa kwenye simu. Bwana Park aliuliza alete nini kwetu kama mahari, nami nikamwambia Jeska amjibu kwamba ng'ombe hapandi ndege, amtunze tu binti yangu. Nasikia alipotafsiriwa alicheka hadi akafuta machozi. Tangu siku hiyo nilimpenda, ingawa hatujawahi kukaa meza moja.

Alikoolewa Jeska si mjini kwenye majumba marefu yale ya kwenye filamu. Ni kijijini, vitunguu na kabichi, na watu karibu wote wazee. Wasichana wa pale walikwenda mjini wasirudi, kwa hiyo wanaume wanaoa Vietnam, Kambodia, Ufilipino. Mweusi alikuwa Jeska peke yake. Mama mkwe wake alikaa miezi mitano bila kumsemesha. Alimwekea chakula, akageuka. Kisha ikafika siku ya kabichi, ambayo wanawake wote hukusanyika kabla ya baridi kali na kutengeneza kachumbari ya mwaka mzima. Jeska hakualikwa. Alikwenda hivyo hivyo, akaketi chini, akakata kabichi na kupaka pilipili tangu asubuhi hadi mikono ikawaka moto. Jioni yule mama alikunja jani moja, akamtia Jeska mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Kwao ukilishwa hivyo umekubaliwa. Jeska alinipigia siku hiyo akilia, nikadhani amepigwa.

Serikali ya kule ina ofisi maalumu kwa nyumba kama yake. Wanaziita familia za tamaduni nyingi. Wanawafundisha wake wa kigeni lugha, wanawapikisha, wanawapiga picha. Mimi nikasema mbona hao ni watu wazuri, sisi Nyarusange hakuna aliyetufundisha kitu. Jeska akasema ni kweli, Mama, lakini mtoto akiitwa kwa jina hilo darasani anajua kwamba wenzake hawaitwi. Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa baadaye, mtoto mwenyewe alipokuwa mikononi mwangu na vijana wa barabarani wanampigia kelele za "Mushinwa, Mushinwa" kana kwamba China ndiyo nchi pekee yenye watu wa macho yale.

Mtoto alizaliwa tarehe 9 Februari 2018. Kwa baba yake anaitwa Park Min-ji. Jina lake la ubatizo ni Christina.

Mwaka uliofuata mama mkwe alivunjika nyonga. Jeska na mumewe wako shambani kutwa, mtoto hana wa kumshika. Rafiki zake wa Vietnam wote hufanya jambo moja: wanapeleka mtoto kwa mama zao hadi afikishe umri wa shule, kisha wanamrudisha. Ni kawaida kabisa kule. Basi mwezi wa Aprili 2019 Jeska alimleta Nyarusange akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Aliniambia, "Mama, mwaka mmoja tu." Mwaka haujaisha, ikaja korona, dunia ikafungwa.

Jeska aliweza kuja Julai 2022 kumchukua. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alipomwona mama yake alijificha nyuma ya kitenge changu, na kwa wiki mbili hakukubali kulala naye. Jeska mwenyewe akasema basi, tumwache hadi shule. Alipoondoka nilimsindikiza hadi barabarani nikamwambia pole sana mwanangu. Lakini moyoni nilifurahi. Andika hivyo, afande, nilifurahi. Nyumba ilikuwa na mtoto, na sikutaka aondoke.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwezi wa Novemba 2019 mtoto alishikwa na malaria mbaya. Nilimbeba hadi zahanati. Watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure, lakini mwuguzi alitaka cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa na karatasi za Korea alizoniachia Jeska, maandishi yake kama vijiti na viduara, hakuna pale aliyeweza kuzisoma. Alitibiwa siku ile kwa huruma. Nilirudi nyumbani nikifikiria safari nyingine itakuwaje.

Afande, wewe hukukaa kambini. Kambini mtoto asiye kwenye kadi ya posho ya chakula hali. Mama akifa leo, sijui akipotea, akiwaacha watoto, jirani anawaandika kwenye kadi yake kesho yake asubuhi, anasema ni wangu, na kila mtu anashuhudia ni wake. Hatukuita uongo. Tuliita kumpa mtoto pa kusimama. Mimi mwenyewe niliandika watatu wasio wangu, na wote walikua. Kwa hiyo wiki ile nilikwenda kwenye ofisi ya uandikishaji na majirani wawili, nikasema mtoto huyu nimemzaa mimi nyumbani, na jina lake ni Christina Iradukunda. Karani aliniuliza umri. Nikamwambia. Alinitazama kidogo. Akauliza baba wa mtoto ni nani, nikasema Elias. Akauliza Elias yuko wapi, nikasema yuko shamba. Karani hana kosa, aliandika alichoambiwa. Majirani nao hawana kosa, walinifanyia nilivyowafanyia wao huko Ngara. Mwenye kosa ni mimi.

Sikumwambia Jeska. Si kwamba nilimficha. Niliona ni kitu kidogo, kama kumwazima mtoto sweta langu.

Mtoto alikua. Kila Jumapili baada ya kanisa bibi yake wa Korea alipiga simu ya picha, amekaa kitandani, akimfundisha kuhesabu na kuimba. Alimfundisha pia kusalimia wakubwa kwa kuinama, mikono mapajani, kichwa hadi chini. Mtoto alikuwa akimwinamia kila mtu Nyarusange, hata muuza mbuzi. Watu walicheka sana. Mwishowe watoto wa jirani wakaanza nao, na siku moja nilimwona Venansi, katekista wetu, mtu mzima na miwani yake, anamwinamia kurudisha salamu. Bibi yule alituma pia majani ya baharini makavu, meusi kama karatasi iliyoungua. Mtoto aliyala na ugali. Mimi niliyaonja mara moja tu.

Mwaka huu, mwezi wa Machi, mtoto anatakiwa kuanza darasa la kwanza kule. Shule ya kijiji chao ina watoto wachache mno. Darasa analotarajiwa kuingia lina watoto watano, watatu wao mama zao ni wageni. Mwalimu mkuu alikuwa akimpigia Jeska simu kila mwezi kuuliza kama Min-ji anakuja kweli, maana wameshamwekea dawati lenye jina lake. Jeska alinitumia picha ya dawati hilo.

Pasipoti ya mtoto ilikuwa imekwisha muda mwaka jana. Jeska ana mimba ya miezi minane, hawezi kupanda ndege. Ikapangwa hivi: Bwana Park aje Dar es Salaam tarehe 17 Februari, mimi nimpeleke mtoto kule kwa basi, ubalozini wampe hati mpya mbele ya baba yake, waondoke pamoja Ijumaa tarehe 21 alasiri. Zaidi ya hapo hakuweza kukaa, mke wake yuko peke yake na mama mgonjwa. Tarehe hiyo ni leo.

Ili nivuke mpaka na mtoto nilihitaji hati ya kusafiria ya Burundi. Niliipata Gitega kwa kile cheti nilichomwandikisha. Hapo ndipo nilipomweleza Jeska kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama, beba zote. Ubalozini watataka ile ya zamani." Nikabeba zote, za Burundi mkononi, za Korea chini ya begi, zimefungwa kwenye khanga.

Mnamo tarehe 18 Februari 2025, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Gitega na mtoto kwenye gari la Bwana Bagalwa. Yeye kila wiki huenda Kobero, mpakani na Tanzania, kuchukua mali, vitenge na viatu. Ananifahamu kwa sababu hununua maharage yangu. Hakujua habari ya karatasi hadi nilipomwambia njiani, tulipokaribia Muyinga. Alipunguza mwendo, akasema kwa Kiswahili chao kile, "Mama, hii mambo italeta problème ku barrière. Pa Giteranyi kuko batu ya velo, banavukishaka batu kila siku. Mi sisemi ufanye, mi iko nakuambia tu."

Alimaanisha wale wa baiskeli wanaovusha watu mpaka kwa siri. Nilimkatalia. Nilimwambia njia zile nimezipita na mimba, usiku na mvua, na niliapa damu yangu haitazipita tena. Mtoto huyu atapita mlangoni kama mtu. Bwana Bagalwa akasema, "Sawa, Mama, ni weye," akaendelea kuendesha. Naomba iandikwe wazi kwamba huo ndio mchango wake wote. Alitupa lifti na alinishauri vibaya, na sikumsikiliza. Leo nafikiri kama ningemsikiliza mtoto angekuwa na baba yake tangu jana. Hilo nalo liandikwe.

Tulifika Kobero saa tano kasoro dakika ishirini. Askari wa dirishani alichukua hati zangu, akauliza mtoto ni wa nani. Nikasema wangu. Ndivyo karatasi ilivyosema, na ndivyo nilivyozoea kusema miaka mitano. Alimtazama mtoto, akanitazama, akasema huyu amefanana na Mushinwa. Nikamjibu Mungu huumba apendavyo. Akagonga muhuri kwenye hati yangu. Akachukua ya mtoto, muhuri ukiwa mkononi.

Mtoto akaona mtu mkubwa mwenye sare. Akarudi hatua moja nyuma, akaweka mikono mapajani, akainama hadi chini, akasema "aniong-haseyo."

Askari akacheka. Akamwuliza nani amekufundisha hivyo, mwanangu. Mtoto akasema Bibi wa Korea. Unakwenda wapi? Kwa baba. Baba yako anaitwa nani? Baba Park. Askari akaangalia hati palipoandikwa Elias, akaweka muhuri chini. Akamwuliza mtoto, huyu uliyekuja naye ni nani wako. Mtoto akasema, "Ni Mama." Huniita hivyo kwa sababu watoto wote wa pale kwetu huwaita hivyo wanaowapikia. Askari akauliza tena kama ana mama mwingine. Mtoto akasema, "Mama Jeska. Yeye anakaa kwenye simu."

Begi likafunguliwa. Karatasi za Korea zikatoka kwenye khanga, na kwa kweli zilikuwa zimefungwa kama kitu cha wizi. Bwana Bagalwa alikuwa ng'ambo ya barabara akisubiri tuvuke. Alipoona nimezungukwa alikuja mbio kuuliza kuna nini, na hapo hapo akakamatwa. Mtu mwenye akili ya magendo angewasha gari akaondoka.

Tuliletwa hapa Muyinga saa nane mchana. Bwana Bagalwa akawekwa ndani. Mimi na mtoto tulipewa godoro katika chumba cha askari Ursula, ambaye ametutendea kwa wema na namshukuru.

Siku ya Jumatano tarehe 19, saa mbili asubuhi, afande Egidius alipiga simu Nyarusange akaambiwa Elias alizikwa mwaka 2014. Akaniita akaniuliza mtu aliyekufa 2014 amezaaje 2018. Nikamwambia kambini wafu walichukua posho miaka mingi. Hakucheka. Nilimweleza yote kama nilivyoeleza hapa. Nilimpa simu azungumze na Jeska. Jeska alilia, akamwonyesha cheti cha ndoa kwenye picha, akamwonyesha picha za hospitali, mtoto akiwa mchanga. Afande alitazama kila moja kwa utaratibu. Kisha akasema picha si ushahidi, na kipimo cha damu kinahitaji amri ya mahakama na huchukua miezi.

Nilimwuliza, Bwana Park akija mpakani mwenyewe? Afande akasema hana viza ya Burundi, na akija atakuta faili inayosema kuna mgeni alikuwa akisubiri mtoto upande wa pili. Huyo mgeni ndiye baba.

Siku ya Alhamisi, jana, saa nne asubuhi, afande alifunga mlango, akazungumza nami kwa sauti ya chini, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alisema: "Mama, karatasi hizi haziwezi kuwa za kweli zote mbili. Ukisema ya Burundi ndiyo kweli, mtoto ni wako, unamchukua mnarudi Nyarusange leo hii. Ukisema ya Korea ndiyo kweli, wewe umetoa tamko la uongo, unabaki, na mtoto anapelekwa kituo cha watoto hadi mahakama iseme ni wa nani." Nikamwuliza mahakama itachukua muda gani. Akasema hajui.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtoto alikuwa uani akimfundisha Ursula kuhesabu Kikorea, wamefika saba. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja tu, na jioni tungekuwa tunapika kwetu. Angekua, angesoma hapo hapo, angenizika. Nisiseme kwamba sikulifikiria. Nililifikiria hadi nikasimama.

Saa nane mchana nilimpigia Jeska. Kule ilikuwa saa tatu ya usiku. Nilimweleza mambo yote mawili. Nikasikia akihema kama wanavyohema wenye mimba kubwa. Akasema, "Fanya utakavyoweza, Mama." Nikamwambia nikisema ni wangu, angalau anabaki nyumbani, hapelekwi kwa watu asiowajua. Ndipo akaniuliza, "Ukisema ni wako, Mama, mimi nilizaa nini?"

Kwa karatasi ile binti yangu ni dada wa mtoto wake. Nikiisimamia mbele ya serikali, hakuna ubalozi utakaompa Jeska mtoto huyo tena, si mwaka huu wala mwingine. Nilimtoa Jeska kwenye cheti bila kumwuliza, kwa sababu ya malaria ya wiki moja.

Saa kumi jioni Bwana Park alipiga kutoka Dar es Salaam. Kiswahili chake ni maneno machache ya kufundishwa na Jeska. Alisema, "Mama. Min-ji kula?" Nikasema amekula. "Min-ji kulala?" Nikasema analala vizuri. Nilimpa mtoto simu, wakazungumza lugha yao kidogo, mtoto akamwuliza kitu, baba akajibu neno moja. Mtoto akaniambia, "Baba anasema kesho." Nilichukua simu. Bwana Park alikuwa bado yupo lakini hasemi kitu. Tulikaa hivyo, yeye Dar mimi Muyinga, hakuna wa kututafsiria. Mwisho akasema, "Mama, pole." Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia hilo.

Leo asubuhi nimemwambia afande aniletee karatasi, niko tayari.

SWALI: Unathibitisha kwamba ulitoa tamko la uongo kuhusu kuzaliwa kwa mtoto huyu?
JIBU: Ndiyo.

SWALI: Je, kuna mtu aliyekushawishi au kukutuma?
JIBU: Hakuna. Bwana Bagalwa hahusiki, mfungulieni aende kwa mkewe Donatienne, ambaye tangu Jumanne amekuwa akisimama nje ya lango.

SWALI: Uhusiano wako na mtoto ni upi?
JIBU: Mimi si mama yake. Mimi ni bibi yake, mzaa mama. Mama yake ni Jeska na baba yake ni Park Sung-ho. Jina lake kamili ni Park Min-ji, na Christina ni la ubatizo. Cheti nilichomwandikisha ni cha uongo na naomba kifutwe.

Nimeulizwa kama nina la kuongeza. Ninalo. Mahali atakapopelekwa waambieni hali maharage yaliyolala. Akipata homa, msisubiri, kwake malaria hupanda haraka. Anaogopa kelele za radi. Akiinama kusalimia, aitikiwe, maana asipoitikiwa hubaki ameinama. Na akiitwa Mushinwa, naomba mtu mkubwa awepo wa kusema hapana. Hayo mengine atayasema mwenyewe, ana mdomo kama mimi.

Sijui nimefanya vyema au vibaya. Nimesema kweli, na sioni imemsaidia nani zaidi ya Bwana Bagalwa. Niliyoyaona na kuyatenda ndiyo hayo, nimeyasema kwa kinywa changu bila kulazimishwa, nimesomewa kwa Kiswahili nikayakubali, na sina neno la kupunguza.

(Sahihi) Melania Ntirampeba
Saa 5:45 asubuhi

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya yamechukuliwa nami, Egidius Ndikuriyo, afisa wa upelelezi, Muyinga. Kwa msingi wake, Bwana Bagalwa ameachiwa saa 6:15 mchana. Melania Ntirampeba kuanzia sasa si shahidi bali ni mtuhumiwa wa tamko la uongo. Jalada litafikishwa kwa mwendesha mashtaka Jumatatu. Mtoto anapelekwa kituo cha watoto Gitega kusubiri uamuzi wa mahakama. Mahitaji yake aliyoyataja bibi yake yamenakiliwa na kupewa dereva.

Saa 8:30 mchana simu ya mtuhumiwa imepokea ujumbe kutoka Dar es Salaam kwamba baba wa mtoto ameingia uwanja wa ndege kurudi Korea peke yake. Nimemruhusu ausome.

Saa 9:00 mtoto amekataa kupanda gari. Amemshika mtuhumiwa shingoni, na askari Ursula ameshindwa kumtoa. Mtuhumiwa amemwambia jambo sikioni ambalo sikulisikia. Kisha ni yeye mwenyewe aliyempandisha na kufunga mlango.